Hodi Tatu

Ostrava, karakana ya nne, mwezi wa pili.
Nje theluji imerundikana, nyeusi kwa masizi:
mgodi ulifungwa, masizi hayakuhama.
Tuko kumi na mmoja kwenye madawati ya wanafunzi,
magoti yakigonga mbao.
Nina miaka arobaini na saba.
Ishirini na mitatu niliimaliza chini ya ardhi,
nikifuata nyaya walizolaza wengine,
wala sikuuliza hata siku moja zinaanzia wapi.

Bi Hrubá hakutusalimu siku ya kwanza.
Alimpa kila mtu kufuli jekundu na ufunguo mmoja.
"Andikeni majina. Ufunguo huu hauazimwi.
Si kwa rafiki, si kwa bosi, si kwa mume."
Lubomír akacheka.
Yeye hakucheka.

Tukajifunza rangi upya:
kahawia, nyeusi, kijivu, hizi tatu zina meno;
wa buluu ndiyo njia ya kurudi;
wa kijani wenye mstari wa njano ni wa ardhi,
ukiukuta umekatwa, acha kila kitu.
Tukajifunza mota, na jinsi inavyogeuza mwendo
ukibadilishana nyaya mbili tu
(nilidhani ni mzaha,
mpaka feni iliponitemea usoni
vumbi ililopaswa kulinyonya).
Vidole vyangu vya sepetu viliangusha skrubu.
Ngân, miaka kumi na tisa,
ambaye wazazi wake wanauza supu karibu na stesheni,
aliziokota bila neno, akazipanga kando ya mkono wangu
kama anayempangia mgeni vijiko.

Siku ya mtihani, paneli ya volti mia nne.
Nikazima. Nikafunga kufuli langu.
Nikatundika kibao, ufunguo nikautia mfukoni.
Nikachukua tesita iliyokuwa mezani.
Kahawia na nyeusi: sifuri.
Nyeusi na kijivu: sifuri.
Sifuri, sifuri, sifuri.
Nikashika bisibisi.

"Umekufa," akasema Bi Hrubá.
"Ndiyo," nikajibu, "umekufa kabisa."
Nilidhani anausema umeme.
"Wewe," akasema.

Akafunua kiganja: betri ya tesita.
Akabandua kibandiko cha swichi:
asubuhi alikuwa amekibadilisha na cha jirani.
Nilikuwa nimefunga mlango wa nyumba nyingine.
Umeme wenyewe alishaukata mapema, chumbani kwake,
ndiyo maana nipo, naandika haya.

"Radomír," akasema, kwa sauti ya chini kidogo,
"kwenye nyumba za watu unabisha hodi tatu,
usipoitikiwa unageuka.
Hapa usipoitikiwa ndipo unaingia.
Basi lazima ujue sauti yako ilitoka.
Kwanza bisha pale unapojua kuna mtu.
Kisha bisha hapa.
Kisha rudi kule kwa mtu wako, ubishe tena,
maana unaweza kuwa umepoteza sauti njiani."

Akaandika *amefeli*, akachora mstari chini.

Nikatoka na koti begani, baridi sikuisikia.
Nilikuwa namwaza Vlastík wa sehemu ya saba.
Mtu alimwambia, "Pamezimwa."
Mtu mwema, anayeaminika, hakuwa na sababu ya kudanganya.
Tulimpandisha juu saa tisa usiku,
na buti zake zilikuwa na fundo lile lile
alilolifunga mwenyewe jioni.

Jumatano nilirudia. Nikafaulu.
Sina cha kusimulia hapo:
soketi ya ukutani, taa ikawaka; paneli, kimya;
soketi tena, taa ikawaka.
Bi Hrubá alitia sahihi huku akitafuna mkate,
na Ngân akanionyesha kidole gumba juu ya kichwa cha Lubomír.

Jioni nilisimama mbele ya mlango wangu.
Naishi peke yangu, ghorofa ya sita.
Nilibonyeza kengele kabla ya kutoa ufunguo.
Ililia.
Jirani akachungulia, akanitazama, akafunga.
Nikaingia.